Taulo la Baba

Marehemu baba yangu aliamini kwamba taulo lisilokwaruza ni taulo lililoharibika. Sisemi hivyo kwa kumdhihaki. Alikuwa na sababu zake, na mimi, mwanawe wa kwanza, nilichukua zaidi ya miaka 50 kuzielewa. Kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikimshughulisha kwa kurasa chache na jambo dogo kama kitambaa cha kujifutia maji. Mambo mengi ya watu wa nyumba moja hupitia katika vitu vidogo vya namna hii, na mara nyingi hatuyaoni mpaka siku ya shida.

Nilizaliwa na kukulia Tanga, katika nyumba iliyokuwa na kisima uani. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli. Jioni alirudi na mikono myeusi kwa grisi, akaoga, kisha akatuogesha sisi wavulana watatu mmoja baada ya mwingine kando ya kisima. Taulo lilikuwa moja tu, la buluu iliyokwisha kupauka. Mama alilifua kwa sabuni ya mche na maji ya kisima, akalianika juani tangu asubuhi hadi alasiri. Lilipoanuliwa lilikuwa gumu kama ubao. Ulipolishika kwa pembe moja halikuanguka, lilisimama. Kwa taulo hilo baba alitusugua. Alianza mgongoni, akashuka miguuni, akamalizia masikioni, na ole wake aliyelia.

"Damu itembee," alikuwa akisema.

Tulitoka hapo ngozi ikiwaka kama tuliopakwa pilipili. Lakini lazima nikiri kwamba hakuna aliyelala na baridi.

Nilipoanza kazi ya ualimu nilipelekwa mbali na pwani, na huko ndiko nilikokutana na taulo la aina nyingine. Ilikuwa Arusha, katika nyumba ya wageni tulikofikia walimu tuliokuja kwenye semina. Juu ya kitanda palikuwa na taulo jeupe, nene, lililokunjwa vizuri. Baada ya kuoga nilijifunika nalo, nikakaa kitandani muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Sikuwa nimejua kwamba kujikausha kunaweza kuwa starehe. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa mataulo laini, na nadhani ndani yangu nilikuwa najibizana na mtu ambaye hakuwapo chumbani.

Nilianza kujifunza kuchagua. Taulo la kuogea si kitambaa cha kawaida. Kitambaa cha kawaida kina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio, basi. Taulo lina mitande miwili: mmoja umekazwa, mwingine umelegezwa, na ule uliolegezwa ndio unaojikunja na kufanya vitanzi vidogo vidogo unavyoviona juu yake. Vitanzi hivyo ndivyo vinavyokunywa maji. Ufumaji huo ulikuwa sifa ya Waturuki, hasa watu wa Bursa, na Waingereza waliuiga kwa mashine. Mwaka 1851 mataulo ya namna hiyo yalionyeshwa katika yale maonyesho makubwa ya London. Hata leo wapo wanaoyaita mataulo ya Kituruki.

Uzito nao una maana yake. Wafanyabiashara huupima kwa gramu katika kila mita moja ya mraba. Taulo la gramu 350 ni jepesi na hukauka upesi; la gramu 600 ni nene na hukumbatia mwili. Taulo la upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 140 lina karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo ukilipima mwenyewe kwenye mizani ya duka utajua umenunua nini. Katika mitumba, ambako hakuna maandishi ya kutegemea, nilijifunza kulinyanyua taulo juu nilitazame likiwa na mwanga nyuma yake, nione kama vitanzi vimebaki au vimekwisha. Nililivuta pindo, nikalinusa. Kisha nililowesha kidole na kudondosha tone moja la maji juu yake. Tone likizama papo hapo, taulo ni zima. Likikaa juu kama umande juu ya jani la mgomba, nalirudisha kwenye rundo.

Katika miaka ya 1990 nilimpelekea baba zawadi ya taulo la namna hiyo, nene, la rangi ya maziwa. Alilishika, akalibonyeza kwa dole gumba, akasema ahsante. Mwaka uliofuata nilipokwenda likizo nililikuta sandukuni, limekunjwa vile vile, lina harufu ya nondo. Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba baba alilijaribu mara moja, akasema ni taulo la mgonjwa.

Neno hilo liliniuma. Sikulisema, lakini sikumpelekea tena kitu cha kuvaa wala cha kujifunika. Nilimpelekea sukari, mchele na fedha, vitu ambavyo havina ugomvi.

Mama alitangulia. Mwaka 2021, nikiwa nimekwisha kustaafu, baba alipata kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 87. Upande wake wa kulia ulilala, mkono na mguu, na maneno yakawa yanamtoka polepole kama mtu anayehesabu fedha. Wadogo zangu walikuwa na kazi zao na watoto wa kusomesha. Nikafunga mlango wa nyumba yangu, nikarudi Tanga.

Kumwogesha baba yako ni jambo ambalo hakuna anayekufundisha. Siku za mwanzo tulikuwa hatutazamani. Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, nikamfunika kanga kiunoni, nikammwagia maji ya vuguvugu kwa kopo, na wote wawili tukatazama ukutani. Ulipofika wakati wa kumkausha alinyoosha mkono wake mzima na kuonyesha taulo lake kwenye msumari. Halikuwa tena lile la buluu la utoto wetu, lakini lilikuwa ndugu yake: jembamba, gumu, limefuliwa kwa maji ya kisima kile kile na kukaushwa kwa jua lile lile. Nikalichukua nikamfuta kama alivyotufuta, kwa nguvu, nikidhani ndiyo heshima.

Siku ya nne au ya tano ngozi ya mkono wake wa kulia ilichunika. Ilitoka kama ganda la kitunguu, na damu ikafuata. Kilichonitisha zaidi ni kwamba baba hakushtuka. Hakusikia chochote. Alikuwa bado anatazama ukutani, na mimi nimesimama na taulo lenye damu mkononi.

Muuguzi aliyekuja kumfunga alikuwa binti wa umri wa wajukuu zake. "Shikamoo babu," alimsalimia kwanza, kisha akanigeukia mimi. "Baba, ngozi ya mzee sasa ni kama karatasi. Usimsugue tena. Mbonyeze kwa kitu laini mpaka maji yaishe." Hakunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe vya kutosha.

Nikaenda dukani siku hiyo hiyo, nikanunua mataulo mawili manene, na chupa ya kilainishi cha nguo chenye picha ya mtoto mchanga anayecheka. Nikayafua kwa bidii, nikatia kilainishi mara mbili ya kipimo. Yalitoka laini kama manyoya ya kifaranga. Nilimfunika baba mabegani, nikambonyeza kama nilivyoelekezwa, nikasubiri anisifu.

"Taulo gani hili?" alisema. "Linanipapasa tu. Halinikaushi."

Nilikasirika. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita tangu ile zawadi ya rangi ya maziwa, nami nilikuwa nasikia neno lile lile. Lakini nilipomvalisha shati, likagandamana mgongoni. Nilipitisha kiganja: alikuwa amelowa. Mzee hakuwa na ukaidi wowote. Alikuwa anasema kweli.

Hapo ndipo ilipobidi mwalimu arudi darasani. Kilainishi hulegeza taulo kwa kuzifunika nyuzi zake kwa utando mwembamba wenye asili ya mafuta. Nyuzi huteleza, mkono hupenda, lakini maji hayaingii vizuri. Nilifanya jaribio langu la tone la maji, likakaa juu. Tena nilikuwa nimesahau kwamba taulo jipya hutoka kiwandani na dawa zake za kulipendezesha, na halinywi maji sawasawa mpaka lifuliwe mara mbili tatu. Nilikuwa nimemfunika baba yangu kitu cha kupendeza macho ya mnunuzi.

Sasa nikaulizana na nafsi yangu: taulo la baba linakuwa gumu kwa nini? Nimefundisha kemia zaidi ya miaka 30. Nimeandika ubaoni mara nyingi, nisizoweza kuzihesabu, kwamba maji yaliyopita katika mawe ya chokaa ni maji magumu, kwamba chokaa hiyo huungana na sabuni na kufanya utando usioyeyuka. Tanga yenyewe imekaa juu ya mawe hayo. Maji ndiyo yaliyoyachonga mapango ya Amboni kutoka katika chokaa, na ukienda Pongwe utaona mwamba huo huo unavyogeuzwa saruji. Kisima chetu kilichimbwa katika ardhi hiyo. Kila Mama alipofua, kidogo cha jiwe kilibaki katika vitanzi vya taulo. Utoto wangu wote nilisuguliwa kwa mwamba wa Tanga, na sikuwahi kuuhusisha na ubao wa darasani.

Nikakumbuka jambo lingine. Nguo za watoto wachanga Mama hakuzifua kwa maji ya kisima. Wakati wa masika aliweka pipa chini ya bati, na maji hayo ya mvua aliyatunza kwa ajili ya kuoshea nywele na kufulia zile kanga kuukuu za kumfunikia mtoto. Sabuni ilitoa povu mara moja. Mama hakusoma kemia, wala hakuwahi kuniambia sababu. Alijua tu maji yapi ni ya ngozi ipi.

Nikaliweka pipa mahali pale pale. Nikayafua upya mataulo mapya, bila kilainishi, kwa sabuni ya unga kidogo kuliko mkono unavyotamani, maana sabuni inayobaki ndani nayo hukausha taulo likawa kama mkate wa jana. Nikayasuuza mara tatu. Mvua ilipokwisha nilirudi kisimani, lakini maji ya mwisho ya kusuuzia, ndoo moja ya lita 20, niliyatia nusu kikombe cha siki nyeupe, kwa kuwa siki huyeyusha chokaa. (Anayetaka kunifuata asichanganye kamwe siki na jiki, mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.) Harufu ya siki huondoka taulo likikauka.

Kisha kuna kuanika, na hapa nilijifunza jambo ambalo sikulifundisha kamwe. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Kao na Chuo Kikuu cha Hokkaido, huko Japani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya swali hili hili la pamba kuwa ngumu ikianikwa. Waligundua kwamba hata pamba iliyokauka hubaki na maji kidogo sana yaliyong'ang'ania juu ya nyuzi zake, na maji hayo hufanya kazi ya gundi, yakiushika uzi na uzi mwenzake. Taulo likining'inia kimya juani, nyuzi hushikamana zilivyotulia. Ukilikung'uta, zinaachana.

Basi nikawa mkung'utaji. Nililikung'uta taulo kabla ya kulianika, nikalikung'uta tena likiwa nusu kavu, na mara ya mwisho wakati wa kulianua. Nikagundua vile vile kwamba miezi ya kusi, upepo unapopiga tangu Juni na kamba nzima inacheza, kazi hiyo hufanywa na upepo wenyewe, na taulo huja laini bila hila yoyote. Jirani aliyeniona kila siku nikipiga mataulo hewani alifikiri nafukuza nzi.

Taulo hilo baba alilikubali. Hakulisifu, lakini alisema, "Hili linakunywa." Ngozi yake ilipona, na haikuchunika tena.

Ningeweza kuishia hapo, nikajihesabu mshindi wa ugomvi wa miaka mingi. Lakini baada ya miezi kama saba, asubuhi moja, nikiwa nambonyeza mgongo, aliniuliza taulo lake la zamani liko wapi. Nilimwambia nimeliweka, na kwamba lile ndilo lililomtoa damu. Alikaa kimya. Kisha akanyanyua kile kiganja chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, akakiweka juu ya goti kama kitu cha kuazima.

"Mwanangu," alisema, "hili lako ni zuri. Lakini upande huu silisikii. Lile nitalisikia."

Nilikwenda kulichukua. Nilipitisha pembe ya taulo lile gumu juu ya kiganja chake, polepole, mara moja. Vidole viwili vilijikunja. Akafumba macho. "Hapo," alisema. "Hapo nipo."

Nilikaa chini sakafuni bafuni, maji yakiniloweka suruali. Maisha yangu yote nilikuwa nimelielewa taulo lile kama ukali, na ulaini wangu kama upole. Sikuwahi kumuuliza yeye alisikia nini. Fundi aliyeshinda mchana kutwa na vyuma, aliyerudi na mikono iliyokufa ganzi kwa nyundo, huenda alihitaji kitu cha kumwambia kwamba mwili huu ni wake bado. Na alichokihitaji yeye akatugawia na sisi, kwa kuwa hakuwa na kingine bora zaidi cha kutugawia. Mimi nami nilifanya vile vile: nilipenda laini, nikampelekea laini, nikanuna alipokataa.

Siku hiyo nilichukua mkasi, nikalikata taulo la zamani vipande vya ukubwa wa kiganja. Tukawekeana utaratibu. Mwili wote ulikaushwa kwa taulo laini, kwa kubonyeza. Kiganja cha kulia na unyayo wa kulia, ambako ngozi ni nene na haichuniki upesi, nilivipitishia kipande kigumu, mara tano kila asubuhi, naye akihesabu. Vipande hivyo nilivifua kwa maji matupu ya kisima na sabuni ya mche, nikavianika juani bila kuvikung'uta. Kwa hiyo kwenye kamba yetu palikuwa na mataulo yanayocheza na vibao vidogo vilivyosimama kimya, na mimi nilivitunza vyote kwa uangalifu ule ule.

Baba alifariki mwaka 2023. Wazee waliokuja kumwosha walipohitaji kitambaa safi cha kumkaushia niliwapa taulo laini, lililofuliwa kwa maji ya mvua. Kile kipande kigumu kilikuwa mfukoni mwangu. Sikukitoa. Nilijua kwamba kazi yake imekwisha.

Leo nyumbani kwangu mgeni akija huwa namwekea mataulo mawili kitandani, moja nililolikung'uta na moja lililokaukia juani bila kuguswa. Wengi hucheka. Wanangu husema ni mambo ya uzee. Mimi huwajibu kwamba ngozi ya mtu ina lugha yake, na mwenyeji mwema huuliza kwanza. Asubuhi nikiingia kutandika kitanda hutazama ni lipi lililolowa, na mara nyingi huwa si lile nililokisia.